Trekta Ndogo ya Kisii na Nyamira: Pima Mteremko, Chagua Wakala, Kisha Uliza Bei

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe la mkono ni kweli, maana mpini ukivunjika unachonga mwingine jioni hiyohiyo. Trekta ni jambo jingine. Mashine ya shilingi milioni moja na zaidi ikisimama bondeni wiki ya kupanda, hailimi shamba lako wala la jirani, na mkopo hausubiri.

Makala haya ni ya wasomaji wetu wenye asili ya Kisii na Nyamira wanaofanya kazi huku Pwani au katika nchi za Ghuba, ambao kila mwaka huuliza swali lile lile: ninunue trekta gani nipeleke nyumbani? Swali hilo huanza na jina la kampuni na bei. Kwa ardhi ya Gusii, mambo mawili yanatangulia: mteremko wa shamba lenyewe, na wakala ambaye fundi wake anaweza kufika kwako kabla mvua haijakata. Na kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalisemi: kwa familia nyingi, trekta ya mtu mmoja hailipi.

Ardhi kwanza

Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira karibu 675. Huko ni kujaa kwa watu kunakokaribia mji, lakini hawa ni wakulima. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa wajukuu, na mengi ni vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka kilimani hadi mtoni. Mwenye ekari mbili huenda akawa nazo sehemu tatu tofauti. Borabu ni tofauti kidogo. Huko mashamba ya masetla yaligawiwa wananchi baada ya uhuru, na bado utakuta vipande ambavyo trekta inaweza kwenda mbele kwa muda bila kugeuka.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, hesabu ekari zinazolimwa kwa plau tu. Majani chai hayalimwi kila msimu, yakishapandwa yamepandwa. Migomba, parachichi, kahawa na nyasi za napia vivyo hivyo. Mtu anayesema ana ekari nne huko Kebirigo anaweza kukuta kwamba ekari mbili na nusu ni chai, nusu ni napia na boma, na ekari moja tu ndiyo ya mahindi na maharagwe. Hiyo ekari moja ndiyo trekta itakayoona, mara mbili kwa mwaka.

Pima pia upana wa kipande na njia ya kufikia. Trekta ndogo yenye plau nyuma inataka mita nne au tano za kugeukia kila upande. Kwenye kipande chenye upana wa mita kumi, utalima katikati na kuacha kando zote mbili kwa jembe. Na kama njia ya kutoka barabarani ni ya pikipiki tu, au inakatiza kwa shemeji ambaye hamsalimiani, jua mapema.

Pima mteremko kwa fito

Hili ndilo linaloua watu. Trekta ikipinduka haimrushi dereva pembeni kama baiskeli, inamlalia. Udongo mwekundu wa Gusii ni mzuri sana kwa mimea, lakini ukilowa huteleza, na mvua huko hunyesha sehemu kubwa ya mwaka.

Kipimo hakihitaji mtaalamu. Chukua fito iliyonyooka ya mita mbili na pima maji ya fundi wa nyumba. Weka ncha moja ya fito chini upande wa juu wa mteremko, inua ncha ya pili hadi pima maji ionyeshe fito imelala sawa, kisha pima urefu kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita 24 ni mteremko wa asilimia 12. Sentimita 70 ni asilimia 35. Pima sehemu kadhaa, hasa pale panapoonekana pabaya.

Namba hizo mbili nimezitaja kwa sababu. Kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo zilizotungwa Kenya mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na kati ya asilimia 12 na 35 zilitaka mkulima aweke makinga maji au matuta kwanza. Mantiki yake haijazeeka. Ukilima kuteremka, mvua ya kwanza inachukua udongo wa juu hadi mtoni. Ukilima kwa kukata mteremko, udongo unabaki lakini trekta imeinama ubavu. Ushauri wangu ni kwamba mahali panapozidi sentimita 40 kwenye fito ya mita mbili, yaani asilimia 20, trekta ya kukalia isipite kwa ubavu. Hata chini ya hapo, soma kitabu cha mashine kinasema nini. Palipobaki, tumia jembe, ng'ombe, au panda nyasi na miti.

Usinunue trekta isiyo na chuma cha ulinzi kinachosimama nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na mkanda. Vitu hivi viwili hufanya kazi pamoja: chuma bila mkanda kinamwacha dereva atupwe chini ya chuma hichohicho. Akikuambia muuzaji kwamba chuma kimeondolewa ili trekta ipite chini ya migomba, ondoka.

Nguvu ngapi?

Trekta ndogo ni zile za kuanzia nguvu za farasi 15 hadi 50, au hospawa kama wanavyosema mafundi. Huku Pwani tunapima nguvu tukiwa usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu, na sehemu za Nyamira zinavuka 2,000. Hewa huko ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo trekta iliyoandikwa 30 itafanya kazi kama ya 25 hivi ikifika Kisii. Uliza kama injini ina tabo. Kama haina, panda ngazi moja juu ya ile uliyodhani inakutosha.

Kwa mashamba ya huko, kati ya 25 na 35 ndiyo saizi inayofaa wengi wanaohitaji trekta ya kukalia. Chini ya hapo, plau ya diski mbili inaivuta trekta nyuma badala ya trekta kuivuta plau. Juu ya 45, mashine inakuwa nzito na pana kwa vipande na njia za Gusii. Taka inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye matope ya mteremko, inayovuta nyuma tu itachimba shimo na kukaa.

Angalia mambo matatu nyuma ya trekta. La kwanza ni shafti inayozungusha vifaa, ile inayoitwa PTO: iwe na mzunguko wa 540 kwa dakika, kwa kuwa vifaa vingi sokoni vimetengenezwa kwa mzunguko huo. La pili ni mikono mitatu ya kufungia vifaa. Trekta za saizi hii nyingi hutumia daraja la kwanza, lenye pini za chini za milimita 22. Ukinunua plau ya daraja la pili kwa sababu ilikuwa rahisi, utalipa fundi wa kuchomelea. La tatu ni uzito ambao mikono hiyo inaweza kuinua, usilinganishe na plau peke yake bali na plau iliyojaa udongo uliolowa.

Na vifaa? Plau na trela ndivyo vinavyoingiza pesa. Rotaveta hupendwa kwa sababu huacha udongo laini kama unga, lakini kwenye mteremko udongo wa namna hiyo ndio unaoondoka na mvua ya kwanza. Mashine ya kukata napia inayozungushwa na trekta ni nzuri kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa inaipa trekta kazi miezi ambayo hakuna kulima.

Usidharau ya kutembea nayo

Kuna trekta ya magurudumu mawili inayoshikwa kwa mikono, ile Watanzania wanaiita pawatila. Nyingi zina nguvu kati ya 8 na 15, bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya trekta ya kukalia, na inapita njia ambayo kubwa haiwezi.

Historia yake inafundisha. Chini ya Kilimo Kwanza, mpango uliotangazwa Tanzania mwaka 2009, pawatila nyingi zilipelekwa wilayani. Kwenye mashamba ya mpunga yenye maji zilipata kazi. Mahali pengi penye udongo mkavu na mgumu zilionekana dhaifu, na nyingine zikakaa bila kazi. Mwaka 2013 kituo cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, kwa fedha za Australia, kilianza mradi wa kuzijaribu mashine hizi Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zimbabwe, lakini kwa njia nyingine: zivute kifaa kinachopanda mbegu na mbolea moja kwa moja bila kulima ardhi yote, na msimu ukiisha zipukuchue mahindi na kuvuta trela. Mashine ndogo ikipewa kazi ndogo nyingi huwa inalipa.

Kwa mwenye ekari moja au mbili zenye mteremko wa wastani, hii ndiyo ningeiangalia kwanza. Onyo ni moja: kuteremka nayo ikiwa na trela iliyojaa ndizi kunataka breki kwenye trela na dereva aliyefundishwa. Haina kitu cha kumlinda.

Hesabu kabla ya kusaini

Hizi ni namba za mfano tu. Weka za siku yako.

Tuseme trekta na plau ni shilingi 1,500,000. Utaitumia miaka minane, kisha uiuze 500,000. Imepoteza milioni moja, yaani 125,000 kwa mwaka. Matengenezo, matairi na vipuri weka 100,000 kwa mwaka. Dereva wa misimu miwili, 120,000. Jumla ni 345,000 kwa mwaka, kabla ya gharama ya mkopo.

Kulima ekari moja kwa trekta hii kunachukua saa tatu hivi, na kila saa inakunywa kati ya lita 3 na 5 za dizeli. Tuchukue lita 4: ni lita 12 kwa ekari. Kwa shilingi 170 lita, ni 2,040. Ukitoza jirani 4,500, unabaki na 2,460. Gawanya 345,000 kwa 2,460, unapata ekari 140 kila mwaka, ndipo uanze kurudisha gharama tu.

Wewe una ekari moja ya kulima, mara mbili kwa mwaka. Zilizobaki 138 ni za watu wengine. Ukiwa na wiki sita za kulima kila msimu na siku sita za kazi kwa wiki, ni siku 72. Lazima ulime karibu ekari mbili kila siku, bila mvua kukuzuia na bila mashine kuharibika. Borabu inawezekana. Kwenye vipande vyembamba vya Kitutu Chache, ambako nusu ya muda unageuka na nusu unatafuta njia ya kuingia, ni vigumu.

Ndiyo maana kwa wengi jibu sahihi ni kukodi, au kununua pamoja. Ndugu watano au kikundi kilichosajiliwa wakiweka ekari zao pamoja, wanapunguza idadi ya wateja wa kutafuta. Lakini andikeni mapema nani analima kwanza mvua ikianza, kwa sababu hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Wakala wa kuaminika

Mawakala wakubwa wa trekta nchini wamejenga maduka yao karibu na ngano na mahindi ya mashamba makubwa: Nakuru, Eldoret, Kitale, Narok. Mkulima wa Gusii yuko pembeni ya ramani hiyo. Hata Kisumu ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Kisii. Kwa hiyo swali la kwanza ni fundi yuko wapi, na nauli yake analipa nani.

Ukubwa wa jina si kinga. Januari 2025 kampuni ya CMC Motors, iliyokuwa ikiuza trekta za New Holland na inayomilikiwa na Al-Futtaim ya Dubai tangu 2014, ilitangaza kufunga biashara yake Kenya, Uganda na Tanzania. Trekta zilizokuwa shambani hazikuharibika siku hiyo, lakini wenye nazo walilazimika kujiuliza vipuri na huduma vitatoka wapi. Upande wa pili, Massey Ferguson na Ford za zamani bado zinafanya kazi vijijini kwa sababu fundi wa soko lolote anazijua na vipuri vyake vinapatikana. Chagua mashine ambayo inaweza kuishi hata wakala wake akiondoka.

Nenda kwa wakala ukiwa na maswali haya, na uandike majibu:

1. Nionyeshe mezani, leo, filta ya mafuta, filta ya dizeli, fani belti, sahani ya klachi na sili za haidroliki za modeli hii. Vikiwa "vinaagizwa", uliza siku ngapi na bei gani.
2. Fundi wenu aliye karibu na Keroka, Ogembo au Nyamira ni nani, na mara ya mwisho alikwenda huko lini?
3. Waranti ni ya miezi mingapi au saa ngapi za kazi, na nini hakimo? Usafiri wa fundi umo?
4. Matengenezo ya kwanza, ambayo kwa trekta nyingi huwa baada ya saa 50, yamo ndani ya bei?
5. Mtamfundisha dereva wangu shambani kwangu, kwenye mteremko wangu, au kwenye uwanja wenu tambarare?
6. Nipe wateja watatu wenye modeli hii Kisii au Nyamira waliokaa nayo zaidi ya misimu minne.

Swali la sita ndilo linalomaliza kazi. Wapigie hao wateja, na ikiwezekana mtume mtu akawaone. Waulize kitu kimoja tu: ilipoharibika mara ya mwisho, ilikaa siku ngapi? Wakala mwenye jibu la siku mbili kwa bei ya juu ni bora kuliko mwenye punguzo na jibu la wiki tatu, kwa maana wiki tatu za Februari ni msimu mzima.

Mkikubaliana, yote yawe kwenye karatasi: namba ya injini na chasisi, orodha ya vifaa, tarehe ya kufikisha shambani, na logbuku kwa jina lako. Trekta husajiliwa na NTSA, na dereva wake anatakiwa awe na leseni ya daraja la G. Ikipita barabarani na trela bila bima, ajali moja itakula shamba.

Mtumba kutoka Japani

Bandari yetu ya Mombasa hupokea trekta ndogo zilizotumika za Kijapani: Kubota, Yanmar, Iseki na wenzao. Nyingi ni imara, na bei inavutia. Lakini zilitengenezwa kwa mashamba ya mpunga, tambarare na yenye maji. Nyingi zina modeli zilizouzwa Japani pekee, hivyo hata wakala rasmi wa jina hilohilo huenda asiwe na vipuri vyake. Maandishi ni ya Kijapani, nyingine hazina chuma cha ulinzi, na rotaveta inayokuja nayo mara nyingi imefungwa kwa mtindo usiopokea plau ya kawaida.

Ukiamua kununua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji. Iwashwe ikiwa baridi. Ipandishe mlima na kitu kizito mikononi kwa nusu saa, kisha uangalie kama mikono inashuka polepole yenyewe: hapo haidroliki imechoka. Mita ya saa usiiamini peke yake, angalia pedali na usukani zimelika kiasi gani.

Kwa trekta iliyokwisha kutumika humu nchini kuna hatua moja zaidi. Sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya mwaka 2017 ilianzisha rejista ambamo wakopeshaji huandikisha madai yao. Fanya utafutaji humo kabla ya kulipa. Trekta inaweza kuwa mkononi mwa muuzaji huku benki ikiwa na haki juu yake.

Pesa na usimamizi ukiwa mbali

Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, lililoanzishwa 1963, hukopesha wakulima, na sako nyingi za majani chai na za wafanyakazi hufanya hivyo pia. Uliza kama marejesho yanaweza kufuata msimu. Trekta ya Gusii haiingizi pesa Mei wala Desemba. Kwa Muislamu mwenzangu anayekwepa riba, benki za Kiislamu zilizopo nchini, kama Gulf African Bank, zina utaratibu wa murabaha, ambapo benki inanunua mali kwanza kisha inakuuzia kwa bei iliyotajwa na isiyobadilika. Waulize kama wanakubali trekta, na hakikisha benki imeimiliki kweli kabla ya kukuuzia.

Ukiwa Mombasa au Doha na trekta iko Nyamache, kitu kitakachokuambia ukweli ni mita ya saa. Kila Jumamosi kaka yako apige picha ya mita na kukutumia. Saa 30 za wiki zinalingana na ekari kumi hivi na lita 120 za dizeli. Ukitumiwa pesa za ekari nne na bili ya lita 150, huna haja ya kumtukana mtu, una haja ya kuuliza. Mwenye kushika trekta awe na ujira wake unaojulikana. Ndugu asiyelipwa hujilipa mwenyewe.

Ratiba

Huko Gusii maandalizi ya mvua ndefu huanza Januari, na mahindi mengi yanaingia ardhini Februari na Machi. Atakayeanza kutafuta trekta Januari atanunua kwa haraka. Pima shamba na mteremko Agosti, watu wakiwa wanalima kwa msimu mfupi, uone trekta zipi zinafanya kazi kwa majirani na zipi zimeegeshwa. Tembelea mawakala Septemba na Oktoba. Lipa Novemba, mashine ifike Desemba, watu wakiwa nyumbani kwa likizo, dereva afundishwe mbele yako. Na hesabu ikikuonyesha kwamba ekari 140 hazipatikani, kodi trekta msimu huu, na hizo milioni moja na nusu zinunue ng'ombe wa maziwa wazuri na tangi la maji. Hazitahitaji vipuri kutoka Nakuru.